Rili ya Mkaskazini

"Usingemzika nayo, leo tusingekuwa hapa tunahangaika!" Hoyt alisema, akaipiga kaunta ya Delmas kwa kiganja mpaka saa zote za rehani zilizokuwa zimekufa zikaanza kutembea.

"Nimemzika na kilicho chake," Verlie akamjibu. "Ulitaka nimzike na chako?"

"Shemeji, ile rili ni ya dola mia mbili na thelathini! Mia mbili na thelathini ziko chini ya udongo, kifuani kwa mtu ambaye hatavua tena mpaka parapanda ilie!"

"Na ikilia, yeye atakuwa na rili. Wewe utaamka na nini?"

Mimi nilikuwa nimekalia kiti cha kinyozi ambacho Delmas Crump anakiuza tangu enzi nina meno yangu, mfuko wa karanga za kuchemsha uko mapajani, na nilikuwa nimeshaambiwa mara mbili nisiangushe maganda sakafuni. Ugomvi huo niliujua kwa moyo. Ulianza Novemba, siku tuliyomzika Arvil Ledlow, mume wa Verlie na kaka wa Hoyt. Kwetu mtu akiwa mvuvi haendi mikono mitupu. Mwingine anawekewa kofia yake, mwingine chambo alichokipenda, kimekatwa ndoano kwanza ili mke asichomwe akiinama kumbusu. Verlie alimwekea Arvil rili yake, ile mashine ndogo inayokaa juu ya fimbo na kuzungusha mshipi, akamkunjia na vidole juu yake. Hoyt alilia siku ile mpaka akashikiliwa na watu wawili, na hadi leo sijui alimlilia kaka au aliililia rili.

Sasa ilikuwa Ijumaa ya Aprili, samaki wa mdomo mkubwa wamepanda kwenye maji mafupi kutaga, na kesho yake ndiyo siku ya mashindano ya uvuvi ya kikosi cha zimamoto. Boti moja, watu wawili. Miaka ishirini na sita ubao wa kituo cha zimamoto umeandikwa Ledlow na Ledlow, kwa rangi, si kwa chaki. Verlie alikuwa amesimama kwenye chakula cha kanisa Jumatano moja, kijiko cha maharage mkononi, akatangaza kwamba kiti cha nyuma cha Arvil atakikalia yeye. Hoyt hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimchukua ziwani mwezi Machi kumjaribu, akampa rili yake ya akiba, na kabla jua halijapanda Verlie alikuwa ameshafunga viota vitatu.

Kiota ndilo tatizo la rili za namna hii. Ile ngoma inayobeba mshipi inazunguka wazi unapotupa chambo, na breki ni gumba lako. Gumba likisinzia kidogo tu, ngoma inamwaga mshipi kuliko chambo kinavyouvuta, na unabaki na fundo ambalo ndege anaweza kulipangisha.

Basi Hoyt akatoa sharti: tafuta rili yako mwenyewe, nikuone unatupa mara tatu bila kiota, na kiti ni chako. Ukishindwa namchukua Rayford. Rayford ni binamu yao wa upande wa mama, wala si Ledlow.

"Na mimi ni Ledlow," Verlie alikuwa amemwambia. "Mwaka wa arobaini na moja huu."

Ndiyo maana tulikuwa dukani kwa Delmas. Verlie alikuwa na dola arobaini za achari ya peasi aliyoiuza kanisani, zimekunjwa ndani ya leso.

"Hebu tuache marehemu apumzike," Delmas akasema. Delmas ni mtu mzima wa miaka hamsini lakini kwetu sisi ni mtoto. "Bi Verlie, sema unataka nini."

"Nataka nzuri."

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa kiasi nilicho nacho."

Hoyt alikuwa ameshaikamata anayoitaka yeye. Ilikuwa ndani ya boksi lenye dirisha, nyekundu kama mdomo wa bibi harusi. "Hii hapa, tumalize. Thelathini na tisa, mpya! Na soma hapa shemeji. Beringi kumi na moja! Ya Arvil ilikuwa na saba."

"Kumi na moja za nini?"

"Za kuifanya izunguke kwa ulaini, za nini tena!"

"Ukinipa watoto kumi na mmoja wavivu, nitalima shamba gani?" Verlie akasema. "Itoe humo ndani."

Nikaacha kutafuna. Nilijua ninachokwenda kukiona, na wao hawakujua.

Verlie namfahamu tangu ana miaka kumi na saba, siku aliyoingia kiwanda cha soksi amevaa viatu vya kaka yake. Mimi nilikuwa nimemtangulia miaka mitano na nilipewa kazi ya kumfundisha. Nilimfundisha mpaka saa nne asubuhi. Kuanzia saa tano alinifundisha yeye. Kazi yetu ilikuwa kwenye bobini na mashine za kufuma, mashine mia mbili na nne zinanguruma kwa pamoja, kelele ambayo ukipiga chafya unaiona lakini huisikii. Na katikati ya kelele hiyo Verlie anainua kichwa, anasema, "Thelathini na nane uzi unakaribia kukatika." Si umekatika. Unakaribia. Fundi anakimbia, anakuta kweli.

Jumapili moja, mhubiri yuko kwenye jambo la tatu kati ya saba, Verlie akaninong'oneza kwamba namba kumi na sita imekata. Kiwanda kiko maili mbili kutoka kanisani na kilikuwa kimezimwa tangu Ijumaa. Jumatatu tukaenda kuangalia: imekata. Watu husema Ozella anaongeza chumvi. Mimi chumvi daktari alishanikataza.

Miaka thelathini na mmoja, na kapu la Verlie halikurudishwa na wakaguzi hata siku moja. Siku walipofunga kiwanda na kupakia mashine kwenye malori, wengi tulilia. Yeye alisimama getini akasikiliza lori la kwanza likiondoka, akamwita dereva, akamwambia, "Beringi ya gurudumu la nyuma kushoto haifiki Georgia." Dereva akacheka. Haikufika.

Sasa mtu huyo ndiye Hoyt alikuwa anamsomea boksi.

Verlie aliichukua ile nyekundu akafumba macho. Akaishika kama mtu anavyoshika kuku anayetaka kujua kama ana yai. Akaminya ubavu wake kwa gumba huku anaizungusha ngoma.

"Inasugua," akasema.

"Inasugua wapi? Mimi sisikii kitu."

"Hujawahi kusikia kitu, Hoyt, hata mkeo anasema. Ukiminya hapa, ukuta unapinda na ngoma inaugusa. Mimi nimeminya kwa gumba la mwanamke mzee. Samaki wa ratili nane ataminyaje?" Akatikisa mpini. "Na huu unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita." Kisha akafunga kipande cha uzi kwenye ngoma, akakaza, akauvuta polepole sana, macho bado yamefumbwa. "Inang'ata, inaachia. Inang'ata, inaachia. Uzi haukatiki kwa kukazwa. Unakatika kwa kushtuliwa. Hii itamshtua kila samaki nitakayempata."

"Lakini ina beringi kumi na—"

"Nimesikia. Na zote kumi na moja zina mchanga moyoni."

Akairudisha kwenye boksi lake, akalifunga na kifuniko, vizuri kabisa, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya mgonjwa.

Hoyt uso ulikuwa umeanza kufanana na ile rili. "Shemeji, unaongea kama bingwa. Lakini nani alifunga viota vitatu asubuhi moja? Vitatu! Klabu nzima ya wavuvi wanajua!"

"Wamejuaje?" nikauliza kwenye kiti changu cha kinyozi. "Ziwani mlikuwa wawili."

"Bi Ozella, kula karanga zako."

"Ninakula. Delmas, mwanangu, umewahi kuona mfuko wa mkate ukitembea wenyewe Jumamosi jioni?"

"Bi Ozella!"

"Mimi nakaa ng'ambo ya barabara kutoka kwa Verlie, naona kila kitu. Jumamosi jioni, miaka ishirini na sita, huyu bwana anapita nyuma ya nyumba, kofia imeshuka mpaka puani, na mfuko wa mkate kwapani. Ndani ya mfuko hamna mkate."

Delmas akaegemea kaunta. "Mna nini?"

"Viota," Verlie akasema kwa sauti ya chini, bila kumcheka. "Vyake na vya Arvil. Wanarudi kutoka ziwani wameshafunga fundo, na kila rili walikuwa wanaiacha barazani kwangu. Nilikaa na sindano ya kushonea na sahani ya mkate wa mahindi, nikavifungua. Miaka ishirini na sita, Hoyt, hesabu mwenyewe Jumamosi ziko ngapi. Nimefungua viota vyenu kuliko nilivyosuka nywele za binti yangu. Kiota kinakwambia kilikotoka. Kikilegea juu juu tu, gumba lilichelewa. Kikijiuma mpaka ndani kabisa, ngoma ilianza kwa kushtuka, na hapo gumba halina kosa. Vile vitatu vya Machi vilikuwa vyote vya ndani. Rili yako ya akiba imekwisha. Nilikwambia?"

"Hukuniambia."

"Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unacheka."

Feni ya Delmas ikageuka huku, ikageuka kule.

Delmas, ambaye hapendi mteja aone aibu dukani kwake hata akiwa Hoyt, akasafisha koo. "Bi Verlie, rili nzuri ninazo. Tatizo za uhakika zinaanzia tisini." Akamtolea moja, nyeusi, ndogo. Verlie akafumba macho, akaiminya, akaizungusha. Uso wake ukalainika. Akairudisha kaunta kwa mikono miwili, kama unavyorudisha kichanga cha mtu.

"Hiyo ni nzuri," akasema. "Sina tisini."

Hapo nilimwona akiikunja ile leso yake mara mbili zaidi, ingawa ilikuwa imeshakunjwa. Mwanamke huyu sijamwona akiomba kitu tangu nimjue. Hata mazishini Hoyt alipomsihi aifikirie ile rili, alisema neno moja tu, "Hapana," na kesho yake akaenda kuvuna mboga.

Delmas akainua kirundo cha risiti kutafuta bei ya kitu kingine. Juu ya risiti kulikuwa na dude jeusi lenye vumbi analolitumia kuzikandamiza feni isizipeperushe. Akaliweka pembeni. Feni ikageuka, upepo ukalipitia.

Verlie akainua kichwa. Kile kichwa cha namba thelathini na nane.

"Hicho ni nini?"

"Nini?"

"Hicho kinachozunguka."

Delmas akatazama. "Hii? Hii inakandamiza risiti, Bi Verlie."

Ilikuwa rili. Miaka sita nyuma kulikuwa na Mkaskazini mmoja, anakwenda zake Florida kukwepa baridi, trela lake likavunjika ekseli pale kwenye daraja, akauza vitu vyake kwa Delmas ili apate kuondoka. Kila kitu kiliuzwa ndani ya juma moja isipokuwa hiyo. Watu wa kata tatu waliishika, wakaigeuza, wakaicheka, wakaiweka chini. Mpini wake uko kushoto.

"Weka chini hiyo!" Hoyt akasema, kama vile Verlie ameokota nyoka.

"Kwa nini?"

"Mpini uko upande wa shetani! Hakuna mtu huku anazungusha kwa kushoto."

Na ni kweli. Kwetu sisi mwanamume anatupa kwa mkono wa kulia, halafu, chambo kikiwa hewani, anaihamisha fimbo mkono wa kushoto ili azungushe kwa kulia. Wote. Nimewaangalia wakifanya hivyo maisha yangu yote na nilidhani ni sehemu ya sala.

"Hebu nieleze," Verlie akasema. "Unatupa kwa kulia."

"Ndiyo."

"Halafu unahama."

"Ndiyo, unahama."

"Na samaki anakusubiri uhame?"

Hoyt akaisukuma kofia nyuma. "Baba alifanya hivyo."

"Baba yako alikuwa anakojoa kwenye upepo pia," nikamwambia, "na nilikuwa nimesimama karibu."

Delmas akageukia ukutani mabega yanatikisika.

Verlie hakucheka. Alikuwa ameshaishika ile rili. Mkono wa kulia umeikumbatia, wa kushoto uko kwenye mpini, na nikaona kitu kilichonirudisha miaka arobaini nyuma. Kiwandani, mkono wa kulia ndio uliokuwa unashika uzi. Wa kushoto ndio uliokuwa unazungusha gurudumu. Miaka thelathini na mmoja, zamu baada ya zamu, kulia shika, kushoto zungusha. Hakuna mwanamume katika kata tatu aliyekuwa na mikono ya rili hiyo. Alikuwepo mwanamke mmoja, na hakuna aliyefikiria kumwonyesha.

Akapuliza vumbi. Akaomba tone la mafuta ya cherehani. Akaminya ubavu: kimya. Akatikisa mpini: umetulia kama jiwe la msingi. Akavuta uzi polepole, ukatoka kama asali ya Julai. Kisha akaiachia ngoma, akaisukuma kwa ncha ya kidole, na ikazunguka. Mimi nilimenya karanga, nikaila, nikamenya nyingine, nikaila, nikamfikiria marehemu mume wangu, nikamsamehe, na bado inazunguka.

"Beringi ngapi hiyo?" Hoyt akauliza, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Sijui," Verlie akasema. "Sita. Zote zinafanya kazi."

Kibandiko cha bei kilikuwa kimefifia lakini kilisomeka: sitini na tano. Nikaona leso inataka kukunjwa tena. Basi nikaona nimsaidie Verlie kidogo.

"Delmas," nikasema, "si hiyo ndiyo ile rili iliyomzamisha yule Mkaskazini?"

"Hakuzama. Alikwenda Florida."

"Alizama njiani. Alitupa kwa hiyo, mpini ukiwa upande huo mbaya, ndoano ikazunguka angani ikamkamata kamba za viatu vyake mwenyewe, akajivuta akaingia majini kinyumenyume. Walipompata alikuwa na uzito wa ratili mia na themanini na wakampa nafasi ya tatu."

"Bi Ozella," Delmas akasema, "hadithi hiyo mwaka jana ilikuwa ya jenereta ulilotaka nikupunguzie."

"Mkaskazini yule alikuwa na mikosi mingi."

Delmas akamtazama Verlie. Akaitazama rili ambayo kwa miaka sita haikuwa imemletea senti. "Thelathini na tano," akasema, "na mshipi mpya juu yake kwa tano, na Bi Ozella asifungue mdomo tena mpaka adhuhuri."

"Hilo la mwisho halina bei," Verlie akasema, akaifungua leso.

Mshipi aliuzungusha mwenyewe palepale kaunta, kitambaa chenye maji katikati ya vidole, kama tulivyokuwa tunafanya kiwandani. Ulilala kwenye ngoma mstari kwa mstari. Delmas alimwita mkewe kutoka stoo aje kuona.

Tukatoka uani kwa Delmas. Verlie alikuwa amekuja na fimbo ya Arvil. Fimbo haikuzikwa kwa sababu jeneza lilikuwa fupi. Delmas akaweka ndoo ya barafu hatua ishirini na tano, karibu na friji mbovu. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, unatupiga usoni.

"Subiri," Hoyt akasema. "Kabla hujatupa, niwaonyeshe kitu." Akarudi ndani, akatoka na ile nyekundu, ameitia mshipi na kuifunga kwenye fimbo yake ya garini. Hoyt ni mtupaji mzuri, siwezi kumsingizia. Alisimama vizuri, akainua, akatupa. Chambo kilikwenda hatua nane. Halafu rili ikatoa mlio kama paka aliyekanyagwa, na kiota kikatokea, kikubwa, chenye vyumba viwili na sebule. Shomoro aliyekuwa juu ya friji akashuka akaja kukikagua.

Verlie akanyoosha shingo akakitazama kiota tu, bila kukigusa.

"Cha ndani," akasema.

Kisha akasogea kwenye mstari. Mara ya kwanza chambo kikaanguka nusu ya njia, lakini safi, mshipi umenyooka. "Moja," Delmas akahesabu. Verlie akasikiliza ngoma, akakigeuza kile kifundo cha pembeni cha kukaza ngoma, chini ya robo ya mzunguko. Mara ya pili kikagonga ukingo wa ndoo, kikaanguka nje. "Mbili." Akasubiri upepo upumue. Nikaona gumba lake, lile gumba lililopasuka na kupona mara mia kwa uzi wa pamba, limelala juu ya mshipi kama mtu anayempima mtoto homa.

Mara ya tatu kikaingia kwenye barafu. Na hapo Hoyt akaona kile ambacho mimi nilishakiona. Kabla barafu haijamaliza kulia, mkono wa kushoto wa Verlie ulikuwa umeshazungusha mara mbili. Hakuhama. Hakukuwa na cha kuhama.

Hoyt amevua miaka hamsini. Anajua samaki wa mdomo mkubwa anapiga chambo lini: kinapogusa maji tu, wakati wanaume wote wa kata tatu wako katikati ya kuhamisha fimbo zao. Alisimama pale anahesabu kimoyomoyo samaki wote aliowakosa tangu ujana. Ilimchukua muda.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Nilijua mkono wangu."

"Shemeji." Akavua kofia. "Ile ya Arvil, kweli ungeshindwa kuitumia? Ilikuwa rili nzuri kuliko hizi zote."

Verlie akazungusha mshipi wote ndani, taratibu. "Ilikuwa na shimo la gumba lake, Hoyt. Pale juu, rangi yote imetoka, umbo la gumba lake kabisa. Ningeishika, ningekuwa nimemshika mkono. Unavua saa ngapi umemshika mtu mkono?"

Hoyt akaifungua ile nyekundu kutoka kwenye fimbo yake, akamrudishia Delmas. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha nikashindwa, na hilo halitokei.

Tukarudi ndani Delmas aandike risiti. Risiti zilikuwa zimetapakaa sakafu nzima kwa sababu ya feni, na hakuna kilichobaki cha kuzikandamizia, basi akaweka ile nyekundu juu yake. Ilizishika vizuri sana. Kila chombo kina kazi yake.

Hoyt akaegemea kaunta, mahali palepale alipopiga asubuhi. "Saa kumi na moja alfajiri, gati la chini," akasema, sauti ya kutosha mkewe Delmas asikie kule stoo. "Kiti cha nyuma. Ubao tunauacha ulivyo. Nitaleta biskuti za soseji."

"Saa kumi na moja kasorobo nitakuwa nimekaa," Verlie akasema. Uso wake haukubadilika, lakini aliiweka ile rili kwapani kama mtu anayeingia benki, na mgongo ulinyooka mpaka nikadhani amerefuka. Nilikuwa naye getini siku ile walipopakia mashine. Hakuwa amesimama hivyo tangu siku ile.

"Na usinipe maelekezo," akaongeza.

"Sikupi."

"Na usipige mluzi."

"Arvil alikuwa anapenda nikipiga mluzi."

"Arvil alikuwa anaziba masikio kwa mkate. Nilikuwa nauona mkate kwenye kofia kila Jumamosi."

Hoyt akacheka, kicheko cha kwanza tangu Novemba, halafu kikamkatikia katikati. Akaanza kukuna shingo. Akamtazama Delmas, akanitazama mimi, akatazama mlango.

"Ila shemeji," akasema, "kuna jambo dogo. Kuhusu Rayford. Unajua juzi, nilikuwa sijajua mambo yatakwendaje, nikaona bora mtu awe na—"

Kengele ya mlango ikalia. Rayford akaingia, amevaa jaketi lake la kuelea ingawa ziwa liko maili nzima kutoka pale, mkono mmoja boksi la barafu, mkono mwingine mto wa kukalia wenye maua.

"Hoyt!" akasema, anang'aa. "Nimeleta mto wangu. Kile kiti cha nyuma kinajulikana kwa kuuma."

Mimi nikaufunga mfuko wa karanga.